Kupanda Island Peak, Nepal: maswali yanayojirudia kutoka kwa watu wa Kilimanjaro na Mlima Kenya

Tangu nirudi Nepal naulizwa mambo yaleyale, Moshi, Arusha na Nairobi. Nimeyapanga hapa kuanzia ya msingi hadi yale ambayo watu huuliza wakiwa wamenivuta pembeni. Swali lililokwisha kujibiwa kwingine nimelielekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Island Peak ni mlima gani, na uko wapi?

Uko Khumbu, mashariki mwa Nepal, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, hifadhi ileile yenye Everest. Ukiutazama kutoka upande wa Dingboche unauona umesimama peke yake kati ya barafuto, yaani mito ya barafu, kama kisiwa kilichozungukwa na maji meupe. Msafara wa Mwingereza Eric Shipton uliopita hapo mwaka 1951 ndio uliouita hivyo. Mwaka 1983 ulipewa jina la Imja Tse, lakini njiani utasikia Island Peak tu.

Vibali na wauza safari huandika mita 6,189. Ramani nyingine huandika 6,160 au 6,165. Usigombane na mtu kwa ajili ya hizo tarakimu. Waliokwea mara ya kwanza, mwaka 1953, walikuwa sehemu ya msafara wa Waingereza waliokuwa wakijinoa kwa ajili ya Everest, na Tenzing Norgay, mmoja wa wawili wa kwanza kufika kilele cha Everest, alikuwamo.

Nimefika Uhuru mara tatu. Si tofauti ya mita mia tatu tu?

Kwa hesabu ni mita 294. Kwa kazi ni mlima mwingine.

Kilimanjaro, kuanzia getini hadi Uhuru, unatembea. Utachoka, pengine utatapika, pengine utakaa chini Stella Point na kuapa hurudi tena, lakini ukiacha ule Ukuta wa Barranco, mikono yako muda wote imeshika fimbo. Island Peak, sehemu ya juu unaipanda ukiwa umevaa buti ngumu za tabaka mbili, chini yake umefunga kramponi, yaani meno ya chuma, kiunoni na mapajani una mkanda wa hanesi, na mwili wako umeunganishwa na kamba. Nyufa za barafu unazivuka kwa ngazi za alumini zilizolazwa juu ya shimo. Halafu unafika kwenye ukuta wa theluji na barafu wa zaidi ya mita mia, na hapo unapanda kwa kusukuma juu kifaa kinachouma kamba, wenyewe wanakiita jumari. Kushuka ni shughuli nyingine, na ndiko watu hukosea zaidi kwa sababu wamechoka.

Watu wetu huja na mapafu mazuri na subira ya kutosha. Kinachowaangusha ni vidole. Kufungua na kufunga karabina, ile pete ya chuma inayokuunganisha na kamba, ukiwa na glavu nene, gizani, kwenye baridi, bila kujiachia kamba hata sekunde moja: hilo Kilimanjaro haikufundishi. Upande mmoja tu Uhuru inakupa faida kubwa, nao ni kujua mwili wako unavyofanya ukivuka mita 5,000. Mtu anayeujua huo hana hofu ya bure, wala hana kiburi.

Nijifunzie wapi kamba kabla sijaondoka?

Kwa kamba na mwamba, Kenya mmebarikiwa. Lukenya, karibu na Nairobi, na Hell's Gate kule Naivasha wapo wapandaji wa miaka mingi wanaofundisha. Jifunze mambo manne: kuvaa hanesi bila kusaidiwa, kupanda kamba kwa jumari, kushuka kamba kwa kifaa chenye umbo la nane, na kuhamisha karabina pale kamba moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Rudia mpaka uweze ukiwa umefumba macho. Kisha rudia ukiwa na glavu.

Kwa barafu, mahali pa kweli Afrika Mashariki ni Rwenzori. Kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Uganda na Kongo, bado kina barafuto inayotaka kramponi na kamba, ingawa inayeyuka mwaka hadi mwaka. Aliyefika Margherita ameshaonja Island Peak kwa asilimia kubwa kuliko aliyefika Uhuru mara kumi. Sisemi hivi kuidharau Uhuru, mimi mwenyewe ndiko ninakopata ugali.

Zaidi ya hapo, kila kundi hufanya mazoezi ya kamba mchana mmoja Chhukung au kwenye kambi ya chini, siku moja kabla ya kilele. Hayo ni ya kukumbushana. Wengi huyafanya kuwa somo la kwanza, na hapo ndipo matatizo ya usiku ule huanza.

Lazima niwe na mwongozaji?

Ndiyo. Island Peak ni kati ya vilele ambavyo kibali chake hutolewa kupitia Nepal Mountaineering Association, na kibali hakitoki kwa mtu mmoja aliyejitokea tu na begi mgongoni. Hata kama ungeruhusiwa, kumbuka kuwa kamba za ule ukuta hufungwa na waongozaji, na wao ndio wanaojua ufa upi umefunguka juma lililopita.

Uliza mapema mwongozaji mmoja wa kupandia anachukua wageni wangapi siku ya kilele. Wawili ni vizuri, watatu ni wengi, na zaidi ya hapo tafuta kampuni nyingine. Mwongozaji wa matembezi ya bondeni na mwongozaji wa kupandia si mtu yuleyule. Huyu wa pili ana leseni yake, na anaweza kukutana nanyi Chhukung.

Sherpa maana yake mpagazi?

Hapana, na tafadhali usilitumie hivyo mbele yao. Sherpa ni kabila, watu waliohamia kutoka Tibet karne kadhaa zilizopita. Wengi wanaobeba mizigo njiani siku hizi ni Warai, Watamang na Wamagar waliotoka mabonde ya chini kutafuta riziki, kama vijana wanavyopanda Moshi msimu wa wageni kutoka mikoa mingine.

Jambo moja litakufurahisha. Masherpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa. Pasang ni Ijumaa, Phurba ni Alhamisi. Kwa hiyo ukikutana na Pasang umekutana na Juma, na Phurba ndiye Khamisi wao. Nilipomweleza hivyo mwongozaji wangu, tangu siku ile hakuniita kwa jina langu tena. Nilizaliwa Jumatano, nikawa Lhakpa.

## Safari yenyewe

Inachukua siku ngapi?

Ukijumlisha na kupita kambi ya chini ya Everest, tenga siku 17 hadi 20 kutoka Kathmandu mpaka Kathmandu, pamoja na siku mbili tatu za akiba. Ukienda Island Peak moja kwa moja unaweza kupunguza siku chache, lakini ile zunguko ya Everest ndiyo inayokupa damu ya mlimani, yaani mwili uliozoea mwinuko, kwa hiyo siipendekezi njia ya mkato.

Unaruka hadi Lukla, mita 2,860. Unashuka kidogo kulala Phakding, kisha unapanda Namche Bazaar, mita 3,440, ambako unalala usiku mbili. Halafu Tengboche, Dingboche kwa usiku mbili tena mita 4,410, Lobuche, Gorakshep, kambi ya chini ya Everest mita 5,364, na kilima cha Kala Patthar. Kutoka hapo unarudi chini kidogo na kukata kuelekea Chhukung, mita 4,730, kisha kambi ya chini ya Island Peak, karibu mita 5,100. Mwinuko kama wa Uhuru, unaotengewa siku sita kwetu, kule ungetengewa wiki mbili. Mwanzoni utaona wanakuchelewesha. Ukifika Lobuche utaelewa.

Niende mwezi gani?

Aprili na Mei, au Oktoba na Novemba. Kati ya Juni na Septemba mvua za masika ya kusi za Asia hufunika kila kitu, ndege hazitui Lukla, na ruba wanakungoja njiani. Desemba hadi Februari mbingu ni safi lakini baridi ni ya kukata pua. Mimi ningechagua Oktoba na Novemba: anga ni safi na ada ya kibali ni ndogo kuliko ya Aprili na Mei. Ila theluji inaweza kushuka ghafla hata Oktoba, kwa hiyo siku za akiba si anasa.

Ni kweli uwanja wa Lukla unatisha?

Njia ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na imeinama kama paa. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni bonde. Ndege ndogo hutua ikipanda na huruka ikishuka. Dakika zenyewe ni chache, maliza dua zako mapema.

Kinachosumbua zaidi kuliko hofu ni ratiba. Wingu likikaa, hakuna ndege, na unaweza kukwama siku mbili au tatu. Katika msimu wenye watu wengi ndege nyingi huondokea Ramechhap, mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari kutoka Kathmandu, kwa hiyo mnaamshwa saa saba usiku. Mzigo ni kilo 15 kwa jumla, kumi za begi na tano za mkononi. Tiketi yako ya kurudi nyumbani usiikate kwa siku inayofuata kutoka Lukla. Kuna mtu aliyeniaga akicheka na tiketi ya namna hiyo, akanunua nyingine kwa bei ya ng'ombe.

Nitalala wapi na kula nini?

Hapa ndipo watu wa Kilimanjaro hushangaa. Hakuna mahema njia nzima mpaka kambi ya chini ya Island Peak. Unalala kwenye nyumba za wageni za mbao, chumba cha vitanda viwili, ukuta mwembamba kiasi cha kumsikia jirani akigeuka. Sebuleni kuna jiko la chuma linalochomwa samadi kavu ya yaki, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, na watu wote hujibanza hapo mpaka saa tatu usiku.

Chakula cha kukuweka hai ni dal bhat: wali, supu ya dengu, mboga, viazi na achari. Ukimaliza unaongezewa bila malipo. Mswahili wa Pwani atajisikia nyumbani, kwa sababu ni wali na dengu tu, ukikosa nazi. Nyama ukishapita Namche achana nayo. Ndani ya hifadhi hawachinji, kwa hiyo nyama hupandishwa mgongoni kwa siku kadhaa kutoka chini, na tumbo likiharibika mita 4,900 kilele umekipoteza.

Maji ya moto ya kuoga, kuchaji simu na intaneti hulipiwa, na kila kijiji cha juu bei hupanda. Mashine za kutolea pesa ziko Lukla na Namche. Juu ya hapo ni rupia mkononi.

Mimi ni Mwislamu. Halali, kibla na udhu je?

Chakula ni rahisi kuliko unavyofikiri: kula mboga, mayai na dal bhat, na jibu la swali lililotangulia linakutosha. Kibla kutoka Nepal ni upande wa magharibi. Maji ya kutawadha alfajiri huwa yameganda, na vumbi la kutayamamia halikosekani. Saa ya Nepal iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45, kwa hiyo programu ya nyakati za sala iweke sawa ukitua tu. Hizo dakika 45 zimewachanganya wengi.

## Mwinuko na afya

Wao nao wana "pole pole"?

Wanayo. Wanasema *bistari, bistari*, na maana ni ileile, hata sauti ya kuisema ni ileile ya mtu aliyeona wengi wakikimbia na kurudishwa wamebebwa.

Kanuni yenyewe ni hii: ukivuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne lala mara mbili mahali pamoja. Siku hiyo ya kupumzika si ya kulala kitandani. Unapanda juu, unakaa kidogo, unarudi kulala chini, kama tunavyofanya Lava Tower kabla ya kushuka Barranco.

Nitajuaje kama ni uchovu au ugonjwa wa mlima?

Kichwa kinauma, hamu ya kula imekwisha, unasikia kichefuchefu, usingizi haupo: uhesabu kuwa ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande zaidi mpaka uishe. Dalili mbili ni za kushuka hapohapo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Ya kwanza ni kushindwa kutembea kwa kunyooka kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka. Huo ni ubongo unaovimba. Ya pili ni kuhema hata ukiwa umekaa, na kikohozi chenye povu. Hapo maji yanajaa mapafuni. Dawa na oksijeni husaidia wakati wa kushuka, haziwi badala yake.

Pheriche, jirani na Dingboche, kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, inayohudumia njia hiyo tangu mwaka 1973. Katika msimu hutoa mafunzo mchana kuhusu mwinuko. Nenda ukasikilize hata kama unajua kila kitu.

Kikohozi kikavu peke yake ni kitu kingine. Karibu kila mtu hukipata kwa sababu ya hewa kavu na vumbi. Funika mdomo kwa shali usiku na mchana.

Nimeze Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlima?

Zungumza na daktari wako kwanza. Wengi hutumia miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana, vidole vitakufa ganzi, na soda itakuwa na ladha ya chuma. La muhimu kwa watu wa kwetu: dawa hii ni ndugu wa mbali wa dawa za salfa. Kama Septrin au Fansidar ilishawahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajaandika.

Nina chembe ya sikoseli. Naweza kwenda?

Mwenye ugonjwa wa sikoseli wenyewe, asiende. Mwenye chembe moja tu, yaani AS, wengi hupanda bila shida, lakini kuna hatari ambayo vitabu vya Wazungu huipitia haraka: huko juu wengu unaweza kukosa damu. Dalili ni maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto. Ukisikia hivyo, shuka na umwambie kila anayekuhudumia kuwa wewe ni AS, kwa maana daktari wa kule hatakuwa wa kwanza kulifikiria. Nasisitiza kwa kuwa kwetu watu wenye chembe hii ni wengi na nusu ya wanaoniuliza hawajui hali zao. Kapime kabla hujalipa amana.

Nikipata homa njiani?

Ugonjwa wa mlima kwa kawaida hauji na homa kali. Kama umetoka Tanga, Mombasa au Mwanza ndani ya wiki chache zilizopita, fikiria malaria mapema. Beba vipimo vya haraka viwili na dozi kamili ya dawa mseto. Huko juu hakuna mbu, na hakuna atakayekuuliza habari za malaria usipoanza wewe.

Ngozi nyeusi haiungui, sivyo?

Inaungua. Jua la mita 6,000 linakupiga kutoka juu na linarudi kukupiga kutoka kwenye theluji. Paka hadi ndani ya pua na chini ya kidevu. Macho ndiyo hatari kubwa zaidi: miwani ya kawaida ya mjini haifai, chukua ya barafuto yenye kuziba pembeni. Kuungua macho hukugundui mpaka usiku, na wakati huo ni kama umetiwa mchanga.

Hedhi ikianguka wiki ya kilele?

Haizuii kupanda. Mwinuko huweza kuiwahisha au kuichelewesha, kwa hiyo beba vifaa tangu siku ya kwanza. Namche vinapatikana, juu ya hapo usitegemee. Mfuko wa kurudishia taka uwe wako, vyoo vya huko havina pa kutupa.

## Usiku wa kilele

Usiku wenyewe ukoje?

Mnaamshwa saa sita au saa saba usiku. Chai, biskuti, uji kidogo kama tumbo linakubali. Saa mbili tatu za kwanza ni mawe na korongo lenye mwinuko mkali, kila mtu na tochi yake ya kichwani. Hii sehemu unaijua, ni kama kutoka Barafu kuelekea Stella.

Kunapopambazuka mnafika mwisho wa mwamba. Hapo mnavaa kramponi na hanesi, na ndipo vidole vya watu huanza kuwasaliti. Baridi ya alfajiri ni nyuzi 15 hadi 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Mnafungwa kamba moja, mnaingia kwenye barafuto. Ngazi moja, pengine mbili tatu, inategemea mwaka. Usitazame shimo, tazama kipago unachokikanyaga, na weka meno ya kramponi yapokee kipago katikati.

Kisha ule ukuta. Ukiusimamia chini unaonekana umesimama wima, ingawa haujasimama. Jumari juu, hatua, hatua, pumzi tano. Jumari juu. Wenye haraka huuvuta mwili kwa mikono na kuishiwa nusu ya njia. Panda kwa miguu, mkono ni wa kukushikilia tu. Mwisho wa ukuta ni ukingo mwembamba wenye bonde huku na huku, na dakika chache mbele ndicho kilele, kidogo kiasi kwamba watu kumi hawakai.

Mbele yako, karibu sana, umesimama ukuta wa kusini wa Lhotse, mita 8,516, unaoificha Everest isionekane. Watu hulalamika: tumepanda yote haya na Everest haionekani? Ndiyo, haionekani. Ulishaiona kutoka Kala Patthar.

Kwenda na kurudi kambini ni saa kumi hadi kumi na nne, na wengi huunganisha mpaka Chhukung siku hiyohiyo.

Nani anaamua kugeuka?

Mwongozaji, na mkubaliane saa ya kugeuka mkiwa bado na akili, yaani jioni kabla. Wengi huweka kabla ya adhuhuri, kwa sababu jua likishapiga, theluji hulainika, mawe huanza kudondoka na upepo wa mchana huamka. Kama mbele yako kwenye kamba kuna foleni, muda wa foleni nao unahesabiwa.

Mimi mara ya kwanza nilirudishwa chini ya ukuta, saa tatu asubuhi, jua zuri, miguu ina nguvu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimekufa na sikuweza kufungua karabina. Mwongozaji alinitazama mara mbili tu akasema tunashuka. Nilimchukia mpaka Chhukung.

## Fedha na makaratasi

Jumla ni shilingi ngapi?

Kifurushi cha Island Peak pamoja na kambi ya chini ya Everest hutembea kati ya dola 2,000 na 3,500 kutegemea kampuni na idadi yenu. Nje ya hapo kuna nauli ya ndege, bima, visa, kukodi vifaa, vinywaji na bahashishi. Ukiona bei iko chini sana, uliza nani analipa: mara nyingi ni mpagazi.

Buti, kramponi, hanesi na shoka la barafu hukodishwa Thamel, Kathmandu, na hata Chhukung. Kodi buti Kathmandu, ambako unaweza kujaribu jozi kumi. Chhukung unapewa zilizobaki.

Visa na kadi ya njano?

Wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda hupata visa wakitua Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Chukua ya siku 30. Wenye pasi za Somalia na Ethiopia huomba kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Kanuni hubadilika, thibitisha kabla ya kukata tiketi.

Bima gani?

Isome kwa macho yako iseme mambo matatu: inafika mita 6,500, inakubali matumizi ya kamba na kramponi, na inalipa helikopta. Bima nyingi za kawaida huishia mita 4,000 au 5,000. Helikopta kutoka juu ni maelfu ya dola, na kampuni hazitarusha bila uhakika wa malipo.

Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa uokoaji wa uongo, wageni wenye kichwa kuuma kidogo wakishinikizwa kupanda helikopta ili bima ilipishwe. Kwa hiyo anayekuharakisha kupanda helikopta wakati unatembea, unakula na unaongea vizuri, mwulize kwanza kama kushuka kwa miguu saa mbili hakutoshi. Dalili za kushuka mara moja nimezitaja kwenye swali la uchovu na ugonjwa wa mlima.

Bahashishi ni kiasi gani?

Desturi ni asilimia 10 hadi 15 ya bei ya kifurushi, ikikusanywa na kugawiwa Lukla usiku wa mwisho. Mwongozaji wa kupandia hupewa yake baada ya kilele. Mpe mpagazi mkononi mwake. Yeye hubeba kwa mkanda wa kipajini, namlo, mizigo ya wageni wawili, na ukiwa umewahi kuwa mgumu, yaani mpagazi, Marangu huhitaji kuambiwa zaidi.

## Maswali ya pembeni

Nywele zangu na helmeti?

Suka twende kilioni zilizolala chali. Rasta nene au kifundo juu ya kichwa vitainua helmeti, na helmeti iliyoinuka haikukingi. Chini yake kofia nyembamba ya sufu.

Baada ya hapo naweza Everest?

Si mara moja. Katikati weka mlima wa mita 7,000 au 8,000. Everest ni mita 8,848.86, na kibali chake peke yake kilipanda kutoka dola 11,000 hadi 15,000 kuanzia Septemba 2025. Wa kwetu wamefika: Wilfred Moshi wa Tanzania mwaka 2012, na Mkenya James Kagambi mwaka 2022, akiwa na miaka 62. Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alifariki karibu na kilele Mei 2024 akijaribu bila oksijeni ya chupa. Mtaje pia unapowataja waliofika.

Nimesikia ziwa la Imja linaweza kupasuka. Ni salama?

Ziwa hilo liko chini ya mlima wenyewe na limekua kwa sababu barafuto inayeyuka. Mwaka 2016 Jeshi la Nepal lilichimba mfereji na kulishusha zaidi ya mita tatu, na mitambo ya tahadhari imewekwa bondeni. Utalipita ukienda kambini.

Nikimpelekea mwongozaji zawadi kutoka nyumbani, ni ipi?

Kahawa ya Kilimanjaro, iliyosagwa tayari, nusu kilo. Kule juu wanakunywa ya unga wa kopo. Mzigo wako wa Lukla ni kilo 15 kwa jumla, kwa hiyo ipime pamoja na mengine.